Makopo Sita Mtaa wa Kongo

Asubuhi ya kwanza tuliyoanza kugawa dawa za miezi sita kwa mkupuo, mtu alimpiga ngumi mlinzi wetu getini. Alikuwa mbeba mizigo wa sokoni, amefika alfajiri kuwahi namba, akakuta foleni imeshapinda mara mbili mbele ya mlango na mlinzi anamwambia arudi nyuma. Ngumi moja tu. Mlinzi akaenda chini pamoja na kiti chake. Mimi nilikuwa natoka kumwita mgonjwa wa kwanza, nikajikuta nimesimama kati yao, kiganja changu kifuani mwa yule mbeba mizigo, moyo wake unadunda mkononi mwangu kama kitu kinachotaka kutoka.

"Kila mwezi!" alinipigia kelele usoni. "Kila mwezi mnaniua siku nzima! Tajiri kashasema nikikosa tena nisirudi. Mnataka nife na virusi au nife na njaa? Semeni moja!"

"Leo unaondoka na za miezi sita," nilimwambia.

Alinitazama kama mtu anayetaniwa msibani. Damu ya mlinzi ilikuwa kwenye vifundo vya vidole vyake. Baadaye alichukua dawa zake, akazitumbukiza kwenye kiroba, akamwomba mlinzi radhi kwa kumshika mikono yote miwili, akaingia sokoni. Hatukumwona tena mpaka muhula wake ulipofika, na siku hiyo hakumgusa mtu.

Mimi ni muuguzi. Kituo chetu cha afya kiko nyuma kidogo ya barabara ya Msimbazi, pale ambapo kelele za Kariakoo huingia dirishani hata ukifunga. Tunatibu kila kitu: malaria, wajawazito, watoto wa chanjo, vifua. Lakini mimi miaka mingi nimekaa chumba cha pembeni, kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nimewaona watu wakija wamebebwa mgongoni na wakirudi baada ya mwaka wamenenepa, wanalalamikia bei ya vitenge kama watu wengine. Dawa inafanya kazi, hilo halina ubishi tena. Ubishi wetu ulikuwa mwingine: mtu ambaye virusi vyake vimefubaa, anayemeza bila kukosa, aje mara ngapi?

Agizo la miezi sita lilitoka juu. Kwetu sisi wa chini lilitua kama jiwe kwenye bati. Daktari wetu, kijana mrefu anayeongea kama anakimbizwa, alilipokea kwa furaha. "Hawa siyo wagonjwa," alikuwa akisema. "Ni watu wanaomeza dawa. Tunawaburuza hapa kila mwezi kwa faida ya nani? Wakati huohuo yule anayekufa kweli anakaa kwenye benchi kwa saa nne kunisubiri."

Aliyempinga alikuwa mama wa dawa, mwenye kugawa dawa dirishani. Hivyo ndivyo wagonjwa walivyomwita, na sisi tukafuata. Ni mama wa Kichaga, kwao wana duka la jumla la vyombo hapohapo Kariakoo, amekulia kwenye biashara, na kila kitu anakipima kwa ukubwa wake na mahali kitakapokaa.

"Kopo moja unalificha kwenye sidiria," alisema. "Makopo sita unayaficha wapi? Watu wetu wanaishi chumba kimoja. Mume yumo, watoto wamo, shemeji yumo, na mama mkwe kaja kutibiwa macho. Dokta, wewe una kabati lenye ufunguo ndiyo maana unaona rahisi."

Mimi nilikuwa katikati lakini nikiegemea kwake, na nilikuwa na sababu yangu. Kila mwezi nilikuwa naiona miili yao. Mwanamke akivua mtandio nimpime presha, naona mengi. Naona alama za vidole shingoni. Naona pengo pale ambapo mwezi uliopita palikuwa na jino. Simwulizi mara ya kwanza, wala ya pili; mara ya tatu anaanza kusema mwenyewe. Sasa ukimwona mara mbili kwa mwaka, michubuko inapata muda wa kupona na mpigaji anapata muda wa kupiga tena, na wewe umekaa kwenye kiti chako unaandika kwamba anaendelea vizuri.

Halafu akaja mama wa mitumba, na tukadhani ubishi umekwisha.

Alikuwa anauza nguo za watoto soko la Ilala. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa miezi sita, na aliondoka akicheka kwamba sasa atatusahau sura. Makopo aliyachimbia katikati ya robota la nguo, chini ya visweta. Mumewe alikuwa hajui. Siku moja mume aliinua robota alisogeze ukutani, akasikia kitu kinacheza kayamba ndani.

Mke alirudi kwetu mapema mno, kabla hata ya nusu ya muhula wake, amefungwa kanga kutoka utosini mpaka chini ya taya kama maiti inayotengenezwa. Taya lilikuwa limevunjika. Mumewe alianza na mikono, akaendelea na pasi ya mkaa, kwa bahati njema ilikuwa baridi. Alipochoka akamwaga vidonge vyote sakafuni akamwambia, kwa kuwa anavipenda sana, aviokote kwa mdomo. Na aliviokota. Alinieleza kwa kuandika kwa kidole juu ya meza yangu, herufi moja moja, kwa sababu mdomo ulikuwa haufunguki, na nilipokosea kusoma alifuta kwa kiganja akaanza upya, ingawa mezani hapakuwa na kitu cha kufuta.

Tulimpeleka kuripoti polisi, tukampeleka hospitali kubwa, na dada yake akaja kumchukua akakae kwake ng'ambo ya Kivukoni. Mumewe alishikwa. Mama wa mitumba aliomba kitu kimoja tu: apewe kopo moja moja, na mengine yakae kwetu. Mama wa dawa alimtengea rafu.

Siku hiyohiyo mama wa dawa aliingia chumba cha daktari na trei nzima ya makopo, akaipiga juu ya meza mpaka kikombe cha chai kikaruka. "Haya!" alisema. "Miezi sita yako hii hapa. Ina taya la mtu ndani yake."

Daktari aliinuka. "Kwa hiyo ni mimi nimempiga?"

"Sijasema umempiga. Nimesema umempa mpigaji kengele."

"Mume mpigaji anapiga hata kwa chumvi ikizidi, mama! Tusiwafunge watu wote kamba kwa sababu ya mwanamume mmoja."

Waliongea kwa sauti ambazo hatukuwa tumezizoea. Nilifunga mlango. Wagonjwa kwenye korido walikuwa wanasikiliza maisha yao yanavyogombewa.

Wiki chache baadaye likatokea la Mtaa wa Kongo.

Kulikuwa na mgonjwa wangu, mwanamume wa makamo, mpole, muuza mikanda na pochi. Hana meza, anaitundika bidhaa yake begani na kwenye mkono, anasimama pembeni mwa mtaa pamoja na wenzake kutwa nzima. Virusi vyake vilikuwa vimefubaa siku nyingi. Asubuhi hiyo nilimpima, nikamuuliza maswali yale yale, akaenda dirishani kwa mama wa dawa akapewa makopo sita. Aliyaweka kwenye begi jeusi la mgongoni, akayafunika kwa fulana, akaaga.

Muda mfupi baadaye nilitoka kwenda kwa fundi viatu, soli yangu ilikuwa imeachia. Nilijitanda kanga juu ya sare nyeupe, kama tunavyofanya tukitoka, ili watu wasinisimamishe njiani kuniuliza habari za vipele. Nilipofika karibu na kona nikasikia neno ambalo mtu yeyote aliyekulia Ilala analijua kwa utumbo kabla ya masikio.

"Mwizi! Mwizi huyo! Kibaka!"

Nieleze kwa nini miguu yangu ilienda kule badala ya kurudi. Nilipokuwa msichana, jirani na kwetu Ilala, niliona mtu akiuawa kwa sababu ya redio. Walikuwa watu ninaowajua: muuza mkaa, kaka yake rafiki yangu, baba mmoja aliyekuwa akitupa pipi sikukuu. Ninachokumbuka zaidi siyo moto. Nakumbuka kwamba yule mtu alikuwa anaongea. Tairi liko shingoni, naye anaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Tangu siku ile nimejua kwamba kuna muda mfupi sana ambapo maneno bado yana kazi, na ukipita, umepita.

Mtaa wa Kongo mchana hauna nafasi ya kuweka mguu. Nilipenya kwa viwiko. Duara lilikuwa limeshafungwa, watu labda arobaini, labda zaidi, na katikati mtu amejikunja chini kama mtoto tumboni, amelikumbatia begi jeusi. Nilimtambua kwa begi kabla ya uso. Uso ulikuwa haupo vizuri tena.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Mteja mmoja alikuwa amekwapuliwa simu dukani. Mwizi alikimbia. Watu wakaanza kutazama nani ana begi, nani ana haraka. Muuza mikanda alikuwa anapita kichwa chini, mwendo wa mtu asiyetaka kuonwa, na kijana mmoja wa dukani akalivuta lile begi akasikia vitu vinagongana.

"Una nini humu? Fungua!"

"Sifungui."

Neno hilo moja ndilo lililomhukumu. Asiye na hatia anafungua. Hivyo ndivyo mtaa unavyofikiri. Kofi la kwanza likaja, na baada ya la kwanza hakuna anayejua la pili limetoka kwa nani.

Nilipofika walikuwa wanampiga kwa viatu, kwa mateke, na mmoja alikuwa na lile fimbo la chuma la kushushia milango ya maduka. Sauti ya chuma kwenye mbavu haifanani na sauti nyingine. Ni kama mtu anayepiga godoro lenye kuni ndani. Na pembeni ya yule aliye chini, akilia kabisa, alikuwa mwanamume mwingine mwenye mikanda begani. Huyo alikuwa mwenzake, wanasimama pamoja kila siku, wanakula ugali sahani moja.

"Namjua huyu, siyo mwizi! Jamani namjua!" alikuwa anapiga kelele. Kisha akainama. "Ndugu yangu, fungua tu! Fungua waone, yaishe! Kuna nini humo cha kufia?"

Yule wa chini alimtazama mwenzake kwa jicho lililobaki wazi, akalikumbatia begi zaidi. Nilielewa. Wale wengine wangejua asingejali, wangetawanyika na asingewaona tena maishani. Lakini huyu anayemtetea, huyu ndiye ambaye hakutaka ajue.

Nilijitupa juu yake. Sikupanga, wala si ushujaa, mwili ulikwenda. Nikafunika kichwa chake kwa mikono yangu na lile fimbo likashuka likaupata mkono wa kushoto. Nilisikia kidole kikikatika kabla sijasikia maumivu.

"Mama, toka hapo!"

"Begi langu hilo!" Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. "Begi langu! Mmeua mtu kwa ajili ya begi langu!"

Nikaivuta kanga nikaitupa. Sare nyeupe ikaonekana, sasa ina damu ya mtu mwingine kifuani. Wale wa mbele walisita. Watu wa Kariakoo wanaogopa vitu vichache, lakini karibu kila mmoja wao amechomwa sindano na mtu aliyevaa nguo ile.

"Mimi ni nesi. Nimemtuma huyu mzigo wa hospitali."

"Mzigo gani?" aliuliza mwenye fimbo. Hakuwa jitu. Alikuwa kijana msafi tu, shati limepigwa pasi, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kucheza mpira. "Kama ni wa hospitali kwa nini hafungui? Fungua wewe basi tuone."

Hapo ndipo nilipoona kwamba maneno yangu nayo yanakaribia kuisha. Nikifungua, nimemuua kwa namna nyingine. Nisipofungua, tumekufa wawili. Nikalichukua begi, nikashika zipu, nikamwangalia yule kijana machoni.

"Ni makohozi," nilisema.

"Nini?"

"Makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kile sugu, kisichosikia dawa. Yanapelekwa kupimwa, yako kwenye vikopo, na mmevipiga mateke. Sijui vingapi vimepasuka." Nikavuta zipu kidogo tu, sauti yake ikasikika. "Sogea, si unataka kuona? Sogea uvute hewa vizuri. Hiki kinaanza na kikohozi kidogo tu."

Sijawahi kuona duara likifunguka haraka namna ile. Wa mbele walirudi nyuma wakiwakanyaga wa nyuma. Mama mmoja mwenye beseni la maji ya kunywa alijifunika pua kwa ukingo wa gauni. Kijana wa fimbo alijifuta kiganja kwenye suruali, akakiangalia, akakifuta tena. Aliyekuwa akimtetea mwenzake hakurudi nyuma. Ndiye aliyenisaidia kumnyanyua.

Halafu, kutoka upande wa pili wa mtaa, kelele zikaanza upya. "Huyu hapa! Huyu ndiye mwenye simu!" Na wale watu, walewale, pamoja na fimbo la chuma, wakageuka wakakimbilia kule. Sauti ilianza, ile ya godoro lenye kuni. Nilikuwa nimebeba mtu begani na mkono wangu mmoja haufanyi kazi. Sikwenda. Mpaka leo sijui yule wa pili aliishia wapi, na sikuuliza kwa mtu.

Tulimlaza chumba cha vidonda. Mbavu mbili zimevunjika, sikio la kulia linatoa damu, nyusi imefunguka mpaka mfupa. Mwenzake tulimshukuru, tukamwambia sasa mgonjwa apumzike, akaondoka akiwa bado anajiuliza kwa sauti makohozi ya watu yanabebwaje na muuza mikanda. Baadaye nilisikia alijijibu mwenyewe: mwenzake anafanya kibarua cha siri hospitalini na anaona haya. Tulimwacha na jibu lake.

Daktari alikuwa anashona nyusi. Mama wa dawa alikuwa ananifunga kidole kwa kijiti.

"Nilisema," alisema. "Nilisema mimi. Kwanza taya, sasa hiki. Tunawabebesha watu mizigo inayopiga kelele tunawaachia mtaani."

"Nitamrudisha kwenye kila mwezi," daktari alisema bila kuinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikubali kushindwa. "Huyu na wengine wanaopita sokoni. Kopo moja, mfukoni, basi."

Mimi nilikuwa nataka kusema ndiyo. Mkono uliniuma kiasi kwamba ningekubali lolote litakalonyamazisha chumba.

"Hapana," ilisema sauti kutoka kitandani.

Sote tulimgeukia. Midomo yake ilikuwa imevimba, aliongea kama mtu mwenye tonge mdomoni.

"Mnabishana juu yangu kama ninyi ndio mliopigwa." Alinitazama. "Samahani sista. Wewe umepigwa. Lakini sikilizeni. Kabla ya hii miezi sita nilikuwa napita njia ile kila mwezi. Kila mwezi nawaaga wenzangu kwa uongo. Leo mjomba kafa, leo shangazi kafa. Nimezika ukoo mzima, hata ndugu nisiokuwa nao. Yule mwenzangu alinichangia rambirambi ya baba yangu mara mbili." Alijaribu kucheka, mbavu zikamkatalia. "Kila mwezi natoka getini kwenu nasema leo ndiyo leo, leo ataniona. Ninyi hamjui. Ninyi mnaniona nimekaa hapa nimetulia, mnaandika. Hamnioni pale getini."

"Lakini leo nusura ufe," alisema mama wa dawa.

"Nusura, mama. Bora hatari mara mbili kwa mwaka kuliko kila mwezi. Nipeni zangu sita."

Daktari alimalizia mshono, akakata uzi. Mama wa dawa aliniachia mkono, akaenda kwenye begi lililokuwa sakafuni limejaa vumbi na alama za viatu. Akatoa makopo moja moja. Mawili yalikuwa yamepasuka. Alitoka nayo, akarudi na mapya mawili, na bunda la pamba. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaanza kufungua kila kopo na kushindilia pamba juu ya vidonge kwa kidole gumba. Akifunga moja analitikisa sikioni. Likilia anafungua tena.

"Nyumbani unaweka wapi?" alimuuliza, bado amemkunjia uso.

"Kuna spika bovu, mama. Nimelitoa matumbo."

"Mkeo?"

"Mke wangu anajua. Yeye ndiye aliyelitoa matumbo."

Mama wa dawa alitikisa kopo la mwisho. Halikulia.

Tulikaa kikao wiki ile, wahudumu wote, hata mlinzi mwenye mdomo wake uliopona. Kila mtu alikuwa na lake. Mlinzi alisema tangu miezi sita ianze hajatukanwa hata nusu ya zamani. Mwanamama mmoja anayetusaidia kuwafuata wagonjwa majumbani, ambaye naye anaishi na virusi na hafichi, alisema hofu yake ni siku dawa zitakapochelewa kufika na watu wamezoea kukaa mbali. Daktari alisema hajui tena. Alisema hivyo waziwazi, na nilimheshimu. Mama wa dawa alisema bado haipendi hiyo miezi sita, lakini hataki tena kusikia mtu akiamua bila kumuuliza mwenye mzigo anakwenda nao wapi, anapita wapi, nani yuko nyumbani. Mimi nilisema atakayeonekana na alama mwilini aitwe mapema, na kama anataka, dawa zake zikae kwetu. Na asiyetaka kutuona, tumwache aishi.

Ndivyo tulivyokwenda tangu hapo. Wengi walichagua sita. Wachache walichagua moja. Kuna waliochagua sita kisha wakarudi kwenye moja baada ya ndoa kuharibika, na wengine kinyume chake. Muuza mikanda sikio lake halikurudi. Ukitaka akusikie unakaa kushoto kwake.

Korido ilipungua watu, na mwanzoni nilikuwa naona kama tumetelekezwa. Halafu siku moja daktari alimpa majibu mwanamume mmoja wa buchani, mtu mzima mwenye mabega ya mlango. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka, na alipofika mbele ya dirisha la korido akalipiga ngumi. Kioo chote kikashuka. Akapiga tena pale ambapo kioo kilikuwa hakipo, akapiga fremu, akapiga ukuta, anatukana kila mtu aliye hai.

Zamani tungemwita mlinzi na wanaume wawili, wangemtoa nje kwa nguvu kwa sababu kuna watu sitini wanangoja, na tusingemwona tena. Siku hiyo benchi lilikuwa na watu watatu, nao walisimama wenyewe wakasogea mwisho wa korido. Nilimwashiria mlinzi abaki alipo. Nikakaa chini sakafuni, kwenye vioo, nikasubiri mpaka naye miguu ikamwishia akakaa.

Nilichukua mkono wake. Alinitukana matusi ya nguoni, akanitukania na mama yangu, nami nikaendelea kutoa vioo kwa kibano, kimoja baada ya kingine, nikividondosha kwenye bakuli. Muda mrefu ulipita. Adhana ya adhuhuri ililia, ikaisha. Hakuna aliyeniita.

"Nimeambiwa mtu anakuja hapa kila mwezi," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Mwanzoni, ndiyo. Mpaka virusi vitulie, na wewe utulie."

"Na nikitulia?"

"Basi unaweza kutuona mara mbili tu kwa mwaka. Au mara nyingi zaidi, ukitaka. Tutakuuliza."

Alifikiri. Damu ilikuwa inatiririka polepole kwenye kiwiko na kudondoka juu ya sare yangu. Kisha akageuza kiganja juu, akanyoosha vidole, akanisogezea kwenye mwanga.

"Hapa kuna kingine," alisema.